Mchicha haujaota, sukuma imetobolewa: matatizo ya bustani ya springi Uingereza na jinsi ya kuyatatua

Kila ikifika katikati ya Machi maswali yanaanza kumiminika, na kiukweli ni yaleyale ya mwaka jana na juzi. Mtu kakaa ndani tangu Novemba, Jumamosi moja jua linatoka, ndege wanalia asubuhi mpaka raha, afu Jumapili ya mwisho ya Machi saa zinasogezwa mbele na jioni inabaki nyeupe, basi mtu anaondoka dukani buti la gari limejaa mifuko ya mboji na pakiti za mbegu. Furaha hiyo naielewa kabisa na wala simzuii mtu, ila kuna kitu kimoja ukikishika utajiokoa na lawama nyingi, nacho ni kwamba springi ya huku, yani majira ya machipuko, inaleta mwanga kabla haijaleta joto.

Nyumbani Afrika Mashariki mchana ni kama masaa 12 mwaka mzima, tunachosubiri ni mvua, ikinyesha tu unapanda. Huku mvua ipo muda wote, kinachosubiriwa ni udongo upate joto. Tarehe 20 Machi mchana na usiku vinakaribia kulingana, katikati ya Mei London mchana unapita masaa 15, lakini udongo wenyewe unajikongoja nyuma wiki kadhaa. Macho yanakwambia panda, udongo bado umelala. Mengi ya hapa chini yanatokea hapo.

Nimepanga kwa dalili. Tafuta ya kwako, anza na sababu ya kwanza maana ndio inayowapata wengi, na usikimbilie dawa ya dukani kabla hujaangalia vitu vya bure. Tarehe ni za England, walioko Scotland, Minnesota, Kanada au Sweden wasogeze mbele kidogo.

DALILI: Nimepanda, wiki zinapita, hamna kilichoota

Sababu namba moja ni baridi ya udongo, na hii inawapata zaidi wanaopanda mboga zetu. Nunua kipimajoto cha udongo, ni bei rahisi, kichomeke kina cha kidole asubuhi kabla jua halijapiga, fanya hivyo asubuhi tatu nne mfululizo. Sukuma na kabichi hazina makuu, kwenye nyuzi 7 au 8 zinaota, taratibu lakini zinaota. Maharage na mahindi yanataka 10 hadi 12 kama kima cha chini kabisa na ukisubiri zaidi utafurahi zaidi. Mchicha, maboga na bamia ndio wenye kudeka, mchicha chini ya 15 unakaa tu pale mpaka mbegu inaoza, ukifika 20 unaota kwa siku chache kama vile unaona aibu kwa kuchelewa. Kwaiyo mchicha wa nje usiuguse kabla ya mwisho wa Mei, kama una haraka anzia ndani kwenye trei, dirisha lenye jua.

Sababu ya pili ni kina. Mbegu ya mchicha ni ndogo mno, ukiifukia sentimita mbili umeizika, nyunyizia juu afu funika na vumbi la mboji tu, labda nusu sentimita. Maboga ndio yanaingia sentimita mbili tatu.

Ya tatu ni maji, na hapa watu wanakosea pande zote mbili, kuna wanaoacha uso wa udongo ukauke upepo wa Aprili ukivuma (upepo ule unakausha kuliko unavyodhani, hata kukiwa na baridi) na kuna wanaomwaga kila wakipita. Chomeka kidole. Kikitoka na udongo ulioganda ganda unyevu upo, acha.

Ya nne ni umri wa mbegu. Vitunguu haviweki, mwaka mmoja au miwili basi, wakati nyanya zinakaa miaka kadhaa bila shida. Kupima ni rahisi: chukua mbegu 10, zifunge kwenye tishu yenye unyevu, tia kwenye mfuko wa plastiki, weka sehemu ya joto ndani ya nyumba. Baada ya wiki moja hadi mbili zikiota chini ya 5, panda kwa wingi zaidi au nunua nyingine. Kama zimeota zote 10 humo ndani, mbegu zako ni nzima na tatizo liko nje kwenye udongo.

Sasa kuhusu mbegu za kutumiwa na mama kwenye begi la mgeni, najua ladha ya mchicha wa nyumbani ni nyingine, lakini mbegu za kupanda kutoka nje ya Ulaya zinatakiwa ziingie na cheti cha afya ya mimea, bila hicho zinachukuliwa mpakani. Mchicha unauzwa huku kama amaranthi au kwa jina la Wajamaika, kalalu, na unaota vizuri tu.

DALILI: Miche imerefuka, myembamba, inalalia upande mmoja

Hii ni mwanga, karibu kila mara ni mwanga. Mwezi Machi dirisha linaonekana lina jua ila mmea unapata upande mmoja tu na kwa masaa machache, na nyumba ina hita, joto linausukuma ukue na mwanga haupo wa kuulisha, basi unatafuta. Kwanza hamishia dirisha linalotazama kusini na geuza trei kila siku. Pili ikishaota ondoa kwenye joto, miche ya nyanya inaridhika na nyuzi 16 hadi 18 hivi. Tatu kama umedhamiria kuanza mapema kila mwaka, taa ya LED ya mimea kwa masaa 14 hadi 16 kwa siku inamaliza tatizo.

Iliyokwisha kurefuka usiitupe yote. Nyanya unaihamishia kwenye chungu kirefu, unazika shina mpaka chini ya majani ya kwanza, shina lote lililofukiwa linatoa mizizi. Sukuma nayo unaweza kuizika mpaka majani ya kwanza. Maboga na matango hapana, shina lao huoza, hayo panda upya, nafasi bado ipo.

DALILI: Jana miche ilikuwa mizima, leo imeanguka, shina limesinyaa pale usawa wa udongo

Hii ni kinyausi, ileile wakulima wa nyumbani wanayoijua kwenye kitalu. Ni ukungu unaoishi kwenye udongo wenye maji na hewa iliyotuama. Ulioanguka hauponi, usijitese nao, kazi ni kuokoa iliyobaki. Toa kipande chote kilichoathirika pamoja na udongo wake, ondoa kile kifuniko cha plastiki, fungua dirisha kidogo, acha uso wa mboji ukauke, na kuanzia hapo mwagilia kwa chini, yani weka trei kwenye beseni lenye maji inywe afu itoe. Tumia maji ya bomba kwa miche midogo, ya pipa la mvua acha kwanza kwa mimea mikubwa.

Isipokoma angalia kama umepanda mbegu zimesongamana, na kama trei uliosha au zimetoka stoo na udongo wa mwaka jana. Mboji ya zamani ya mfuko uliokaa wazi msimu mzima nayo usiitumie kwa mbegu. Na ukifungua mfuko mpya wa mboji ufungulie nje, usiinamishe uso juu yake, kuna bakteria wa Legionela wanaoweza kukaa humo, ni nadra ila homa na kifua kubana siku chache baada ya kushika mboji unampigia daktari na unamwambia ulishika mboji.

DALILI: Ndani ilikuwa mizuri ajabu, nimeitoa nje imekuwa nyeupe, au kahawia, au nyeusi

Rangi inakwambia. Mabaka meupe kama karatasi ni jua, mmea uliolelewa nyuma ya kioo haujawahi kupigwa na jua kamili. Kingo zilizokauka kahawia ni upepo. Majani meusi yaliyolegea kama yamechemshwa, yameonekana asubuhi baada ya usiku mweupe wa nyota bila upepo, hiyo ni jalidi, yani baridi ya kugandisha.

Mbili za kwanza dawa yake ni kuzoesha miche. Siku ya kwanza kwa muda wa saa moja au mbili tu kivulini, unaongeza kila siku, ndani ya siku 7 hadi 14 inalala nje. Inachosha kubeba trei asubuhi na jioni, ndio, lakini hakuna njia ya mkato niliyoona inashinda hii.

Jalidi ni kuiheshimu. Kusini mwa England inaweza kupiga mpaka katikati ya Mei, kaskazini na Scotland mpaka mwisho wa Mei au hata mwanzo wa Juni, na siku tatu za joto mwezi Aprili hazibadilishi hilo. Nyanya, maboga, maharage, mchicha, bamia, yote haya hayavumilii hata kidogo. Sukuma, vitunguu na njegere havijali. Utabiri ukisema usiku nyuzi 3 kushuka chini, funika na kile kitambaa chepesi cheupe cha bustani, hata shuka kuukuu inafaa ilimradi asubuhi uitoe. Mmea ukishapigwa angalia moyo, kile kichipukizi cha katikati: kama ni kibichi uache, utarudi. Kama ni cheusi mpaka chini, panda mwingine.

Kuna kinyume chake pia ambacho hakisemwi sana. Grinihausi iliyofungwa siku ya jua la Aprili, nje nyuzi 15 tu, ndani inapita 35 kabla ya saa sita mchana. Miche iliyosinyaa jioni wakati udongo una maji, sababu ni mlango uliosahaulika.

DALILI: Wewe mwenyewe. Umetoka kumwagilia mara moja, umerudi giza limeingia na kazi ya siku haijafanyika

Naiweka hapa kwa sababu inaua miche kuliko koa. Springi inavuta. Unatoka na ndoo, unaona gugu moja, unaling'oa, unaona jingine, robini anakuja kukaa kwenye mpini wa koleo lako anasubiri nyungunyungu (kweli anakusubiri wewe, ndege huyu anamfuata mchimbaji), jirani wa alotimenti (kile kipande cha bustani cha kukodi) anakuita uone maharage yake, mnaanza kuongelea mvua, unapewa mche wa rubabu (mmea unaoliwa mashina), unatafuta pa kuupanda, na grinihausi bado imefungwa. Mimi sitamwambia mtu aache hayo, hayo ndio yenyewe, baada ya miezi mitano ya giza mtu anayahitaji mwilini. Ila panga mwanzo tu: ukiingia, kabla hujatazama chochote, fungua milango, mwagilia trei, angalia chini ya vifuniko. Dakika kumi. Baada ya hapo zurura unavyotaka.

Sababu ya pili ni ukubwa. Alotimenti kamili ni kama mita za mraba 250, mtu mwenye kazi za shifti na watoto anaichukua yote, anaanza kona nne kwa pamoja na hamalizi hata moja. Omba nusu. Au funika robo tatu kwa makatoni na turubai nyeusi, lima robo, mwaka ujao ongeza. Na mgongo: mwili haujalima tangu Septemba, chimba nusu saa badilisha kazi. Maumivu yanayoshuka mguuni au ganzi, hapo acha kabisa nenda kwa daktari.

Ukikuta kiota chenye mayai kwenye ua ulilotaka kupunguza, weka mkasi chini. Kuharibu kiota kinachotumika ni kosa kwa sheria ya wanyamapori ya 1981. Subiri makinda yaondoke.

DALILI: Sukuma inaliwa, au inanyauka na maji ipo

Usinunue kitu kabla hujasoma alama. Matundu makubwa yasiyo na mpangilio na ute unaong'aa ni konokono na koa. Vitundu vidogo vidogo kama vya sindano ni vile vidudu vyeusi vinavyoruka kama viroboto ukigusa jani. Jani limechanwa limebaki uti wa kati, hao ni njiwa, na wanafanya hivyo hata saa tatu asubuhi mbele ya macho yako. Mche umekatwa chini umelala pembeni, huyo ni sota, kiwavi wa ardhini, fukua udongo sentimita chache kuzunguka shina utamkuta amejikunja, mtoe.

Koa ndio wengi. Anza na tochi saa nne usiku siku ya mvua, okota, ni kazi chafu ila usiku mmoja tu unaona tofauti. Panda miche ikiwa mikubwa kidogo, mwagilia asubuhi badala ya jioni. Zaidi ya hapo kuna vile vijidudu vya kuchanganya na maji, nematodi, vinafanya kazi udongo ukipita nyuzi 5. Punje za chuma fosfeti zinaruhusiwa. Zile punje za buluu za zamani za metaldehaidi zimepigwa marufuku nje Uingereza tangu mwisho wa Machi 2022, ukikuta kopo stoo ya mwenye nyumba usitumie wala kutupa kwenye pipa, peleka kituo cha taka cha halmashauri, zinaua mbwa na kalunguyeye, wale wanyama wadogo wenye miiba wa huku.

Njiwa ni neti tu, iliyoinuliwa isiguse majani. Vidudu vya kuruka ni neti yenye matundu madogo sana tangu siku ya kupanda, na maji ya kutosha ili mche uwakimbie kwa kukua.

Kunyauka mchana wakati udongo una maji ni kesi nyingine. Ng'oa mmoja. Ukikuta funza weupe kwenye mizizi, ni nzi wa mizizi ya kabichi, anataga kuanzia mwisho wa Aprili pale shina linapoingia ardhini. Kata kipande cha kapeti au katoni duara la sentimita 10 hadi 15, kipasue upande mmoja, kivishe shina kikae chini kabisa siku unayopanda. Ukikuta mizizi imevimba kama tangawizi, pole, huo ni uvimbe wa mizizi na unaweza kukaa ardhini mpaka miaka 20. Usiitie kwenye mboji, osha buti na jembe, mwaga chokaa kupandisha pH (kipimo cha uchachu wa udongo) mpaka 7 au zaidi, na jamii ya kabichi ihamie kwenye vyungu.

DALILI: Majani ya nyanya na maharage yanajikunja, yamekuwa membamba kama ya kangaga

Kwanza geuza jani, vidukari wakiwepo wasugue kwa vidole au wapige maji. Pili, usiku wa baridi nao unakunja majani, yakija mapya mazuri basi yamekwisha. Lakini kama majani mapya ndio yanatoka yamejikunja kama kikombe, shina limejipinda, na maharage na viazi vimefanya vivyo hivyo huku mahindi ya pembeni yako salama, ifikirie samadi.

Kuna dawa ya magugu inaitwa aminopiralidi, inapigwa kwenye malisho, ng'ombe au farasi anakula nyasi, dawa inapita tumboni nzima inatoka kwenye samadi, unaiweka bustanini. Mwaka 2008 iliharibu bustani nyingi sana Uingereza mpaka ikasimamishwa kwa muda, na malalamiko bado yanatokea. Kabla hujamwaga samadi yoyote uliyopewa bure, ijaribu: changanya na mboji kwenye vyungu vitatu, vingine vitatu mboji tupu, panda maharage yote, subiri wiki tatu hadi nne. Ya samadi yakijikunja, usiimwage, usimpe mwenzio, mwambie aliyekupa. Iliyokwisha mwagwa, chimbua udongo mara kwa mara ipate hewa, vijidudu vya udongoni ndio vinaivunja, na msimu huu panda mahindi hapo.

DALILI: Dania na spinachi zimetoa maua kabla sijala

Mchana mrefu. Spinachi ikiona masaa 14 hivi ya mwanga inajua ni wakati wa mbegu, hakuna dawa. Panda Machi au rudi Agosti, dania panda kidogo kidogo kila wiki tatu, kivulini. Mbaazi na aina nyingi za kunde za nyumbani ni kinyume, zinasubiri mchana mfupi ndio zitoe maua, na ukifika huku baridi imeshafika. Kunde lima kwa ajili ya majani, utafurahi.

HAPA ACHA, ITA MTU

Banda la zamani lenye paa la saruji lenye mawimbi: linaweza kuwa na asibestosi, ilipigwa marufuku kabisa mwaka 1999 tu. Usilikate, usilivunje, usilisugue, waambie wenye eneo.

Machipukizi mekundu ya zambarau yanayotoka ardhini kwa kasi na kuwa na mashina kama mianzi: inaweza kuwa notiwidi ya Kijapani. Usichimbe, kipande kidogo tu cha mzizi kinazaa upya, na taka yake haiendi kwenye pipa la kawaida. Piga picha, peleka kwa mwenye nyumba au halmashauri.

Kupe: bustani zilizo karibu na misitu wanapatikana. Mtoe kwa kibano karibu kabisa na ngozi. Alama nyekundu inayotanuka wiki zinazofuata, nenda kwa daktari, usisubiri ipotee.

Na la mwisho naomba sana lisomwe na wazazi. Mnavu. Watu wanauona umejiotea pembeni ya uzio wanachuma wanapika. Mnavu una maua madogo meupe kama nyota na matunda madogo kwenye kishada. Kuna ndugu yake mwenye maua ya zambarau yaliyoning'inia kama kengele, tunda moja moja, kubwa, jeusi linalong'aa, huo ni Atropa belladonna na unaua. Mwezi wa Aprili hakuna ua wala tunda, ni majani tu, na kwa majani peke yake usijiamini. Kula ule uliopanda kwa mbegu unayoijua. Mtoto akiweka mdomoni jani au tunda usilolitambua, mtoe kilichobaki, chukua tawi la mmea au picha, usimtapishe, piga 111, namba ya ushauri wa afya. Akiwa anahema vibaya, mboni zimetanuka au amechanganyikiwa, ni 999, namba ya dharura, moja kwa moja.